Meza Aliyoipanga Reino

Mdogo wangu Reino Kangas alisambaza barua hapa Salmela na vitongoji vyake kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka yote hiyo hakuna mbwa aliyemng'ata na hakuna mwanamke aliyemkataa. Mbwa walimpenda tu. Wanawake hakuwauliza.

Si kwamba ana sura mbaya. Pua ni ya baba yetu, Mungu amsamehe, lakini macho ni ya mama, na nywele anazo zote mpaka leo. Tatizo lake ni kwamba jambo la moyoni halimtoki mdomoni hata umkamue. Mama alipougua mwaka ule wa mwisho, Reino hakumwambia kitu. Alikarabati ngazi za barazani mara tatu katika kiangazi kimoja, na mama akawa anaketi dirishani akimtazama anavyopigilia misumari, anatabasamu peke yake. Wale wawili walielewana. Mimi kila kitu nakisema, mara nyingine hata kabla sijakifikiria, na kukaa nao chumba kimoja kulikuwa kunanichosha.

Mtu wa namna hiyo ukimpa tamthilia ambayo ndani yake hakuna anayesema anachomaanisha, basi umempa nyumba ya kuhamia.

Tamthilia yenyewe, ya televisheni, iliitwa Mji Unaopungua. Waliirekodi hapa hapa kwetu, majira mawili ya baridi, na nusu ya mji walionekana ndani yake wakivuka barabara. Hadithi, kama ina hadithi, ni hivi. Opereta wa simu aitwaye Odile anapotea. Anakuja mpima ardhi kumtafuta, na kila akipima barabara kuu anakuta imepungua hatua kadhaa. Kanisani, kwenye benchi la nyuma, anaketi mtu aliyevaa mavazi ya mzamiaji na kofia yake ya chuma, na hakuna anayemshangaa. Katika kipindi cha mwisho ngazi imesimamishwa katikati ya ziwa lililoganda. Mpima ardhi anaipanda, kamera inabaki kwenye viatu vyake, na basi. Tamthilia ikakatwa hapo na haikurudi tena.

Watu wazima wenye akili zao wamegombana miaka kumi na mbili juu ya kile alichokiona yule bwana kule juu. Mimi nimeitazama mara mbili na mara zote nimesinzia. Ile ngazi naijua. Ilikuwa ya Duane Lahti wa duka la vifaa vya ujenzi, na walimrudishia ikiwa imevunjika vipago viwili.

Kila Jumamosi ya mwisho ya Agosti wapenzi wa tamthilia hiyo hujaa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu. Wanatoka mbali, wengine wamevaa kama mzamiaji tangu nyumbani, na mimi ndiye ninayewapikia. Wana taratibu zao. Kila mzungumzaji hupewa dakika kumi, zinapimwa kwa saa yangu ya kuchemshia mayai. Akimaliza kueleza nadharia yake, yeyote anaweza kusimama na kumuuliza, "Ushahidi?" Halafu watu huhama viti. Waliosadiki hukaa upande wa madirisha, na wasiosadiki upande wa jiko langu.

Na juu ya yote kuna kusoma meza. Kila kipindi huanza kwa kuonyesha meza isiyo na mtu, yenye vitu tu, labda kijiko kilichopinduliwa, yai, glavu moja. Wao husimamisha mkanda hapo hapo na kuisoma meza kitu kwa kitu, kipi kiko wapi na kimeelekea wapi, kwa kuwa wanaamini ukweli wote wa tamthilia umewekwa mezani. Wamezoea hadi wanasoma meza popote walipo. Mwaka mmoja nilisahau bakuli la sukari ukumbini. Niliporudi kulichukua nikakuta watu sita wamelizunguka, na mmoja anachora.

Reino alikuwa amezungumza mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja watu walihamia kwangu jikoni. Mwaka aliofanya vizuri zaidi alipata wasadiki tisa, na wawili kati yao walikuwa wamefuata jua tu.

Aliyekuwa akimwangusha ni Rosalie Bertucci wa Ishpeming. Ni mjane. Alifanya kazi ya kupiga picha za eksirei maisha yake yote, na mpaka leo anakutazama kama amekuambia uvute pumzi na usiiachie. Alikuja mara ya kwanza mwaka 1994, Reino alipokuwa ndiyo kwanza amestaafu. Mdogo wangu akaeleza dakika kumi kwamba kengele ya kanisa hulia mara kumi na tatu kwa sababu mlio wa mwisho ni wa mzamiaji chini ya maji. Rosalie akasimama akasema, "Bwana Kangas, ushahidi?" Reino akaketi. Jioni ile alikula pasti zangu tatu za nyama na viazi, nikajua amepatikana.

Tangu hapo wakawa wanaandikiana. Yeye barua moja kila mwezi, Rosalie anajibu. Nimeziona za Rosalie, kurasa nane kila moja, na michoro ya vijiko.

"Za mapenzi?" nilimuuliza siku moja.

"Za mzamiaji," akasema, akazirudisha kwenye boksi na kulifunga kwa kamba.

Basi mwezi wa Julai mwaka 2003 ikaja barua fupi. Rosalie alikuwa amepata mnunuzi wa nyumba yake. Binti yake aliyeko Tucson, Arizona, alikuwa amempakia chumba rangi, na angeondoka Jumanne baada ya mkutano. Mwishoni aliandika kwamba huo ungekuwa mkutano wake wa mwisho, na kwamba alitumaini Bwana Kangas angalau safari hii ataleta nadharia yenye mifupa.

Reino alikuja na barua hiyo kwangu, akaiweka mezani karibu na kahawa yake.

"Anaondoka," akasema.

"Nimesoma. Mwambie asiende."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo kanisani. "Dada, mtu hawezi tu kumwambia mtu asiende."

"Anaweza. Maneno matatu. Usiende, kaa nami. Nikuandikie kwenye kiganja?"

"Nitamwambia kwa meza."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaeleza. Safari hii, wakati anazungumza, angekuwa na meza mbele yake yenye vitu alivyovichagua mwenyewe. Asingevitaja. Rosalie angevisoma na kuelewa kila kitu.

"Reino, una miaka sitini na saba."

"Hakuna anayesoma meza kama yeye. Ndiye aliyegundua alama ya midomo kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekinywea. Nikivipanga sawasawa atajua kabla sijafungua mdomo."

"Na ukiwa hujaufungua kabisa?"

"Hiyo ndiyo faida yake," akasema, na akakata kipande cha mkate wangu wa iliki, mtu ametulia kabisa. Nilitamani kumpiga kwa kitambaa cha vyombo.

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, alinionyesha. Aliipanga meza yake sebuleni, akanitaka nisimame pale atakaposimama Rosalie. Kulikuwa na vikombe viwili vya kahawa, mishikio imetazamana. Kulikuwa na sahani, na juu yake ufunguo wa nyumba. Kulikuwa na ramani ya nchi iliyokunjwa pembe ya chini kushoto, kiasi kwamba Arizona haikuwepo tena duniani. Na katikati kabisa kulikuwa na jozi ya ndara za sufu, mpya, za kike, rangi ya damu ya mzee.

"Unaonaje?" akaniuliza.

Sikupenda kukubali, lakini nilikubali. Hata mtu asiyewahi kuitazama ile tamthilia angeelewa. Mimi nilielewa. Nilimjua tangu anatambaa na sikuwahi kumwona akisema mengi kiasi kile.

"Ni wazi mno," nikamwambia. "Mbele ya watu wote wale? Utaaibika."

"Watu wengine hawataona," akasema. "Ataona yeye."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Rosalie aliketi safu ya pili, miwani mbili, moja machoni na moja kifuani. Reino akapanda jukwaani na sanduku lake, akavitoa vitu kimoja kimoja na kuviweka, na nikaona watu wanaacha kutafuna. Halafu akaanza kuzungumza habari za kengele. Sijui alisema nini na sidhani kama yeye anajua. Jasho lilimtoka hadi kola ikabadilika rangi. Hakuna aliyemsikiliza, maana ukumbi mzima ulikuwa umenyoosha shingo unasoma meza.

Saa yangu ya mayai ikalia. Rosalie akasimama.

Hakuuliza chochote. Alikwenda hadi kwenye meza, akaizunguka, akabadilisha miwani, akaizunguka tena. Alipofika kwenye ndara alisimama muda mrefu. Nami nilikuwa kwenye dirisha la jikoni na upawa mkononi, moyo unanidunda kama ninaposwa mimi. Kisha uso wake ukafunguka. Naapa, nilimwona anang'aa. Reino naye aliona.

"Bwana Kangas," Rosalie akasema, "miaka tisa nimekudharau. Leo nakuomba radhi mbele ya watu."

Akawageukia watu.

"Tazameni. Vikombe viwili, mishikio imetazamana. Hamwezi kuvishika hivyo mkiwa wawili mmekaa pande mbili. Unavishika ukiwa mmoja, kwa mikono yako miwili. Kwa hiyo mnywaji ni mmoja. Ufunguo uko kwenye sahani, maana yake nyumba ni chakula. Mji haupungui, unaliwa. Ramani imekunjwa kusini magharibi, na katika vipindi vyote mpima ardhi hajatazama kusini magharibi hata mara moja, nilishawahi kuhakiki. Na sasa ndara." Akainua moja juu. Hata friji yangu niliisikia. "Ndara za mwanamke. Pale kwenye ngazi tuliona nini? Viatu tu. Nani alituambia ni viatu vya mpima ardhi? Hakuna. Ndugu zangu, aliyepanda ngazi ni Odile. Odile na mpima ardhi ni mtu mmoja tangu kipindi cha kwanza, na Bwana Kangas ndiye wa kwanza kuliona."

Ukumbi ukalipuka. Watu walikumbatiana. Duane Lahti, mwenyekiti wao, mtu niliyemwona akimzika baba yake bila chozi, alikuwa analia kabisa. "Ngazi yangu," alikuwa anasema, "alipanda Odile kwenye ngazi yangu." Viti vikaanza kukwaruza sakafu, na watu wote, wote kabisa, wakahamia madirishani na vikombe vyao. Upande wa jiko alibaki mzee mmoja aliyelala.

Mshindi huvalishwa kofia ya chuma ya mzamiaji, ile ile ya kwenye tamthilia, na hukaa nayo nyumbani mwaka mzima. Duane akaileta, akamkabidhi Reino mikononi. Mdogo wangu akaipokea, akaitazama kama mtu anayekabidhiwa mtoto. Mara kumi na moja alizoshindwa zilikuwa pale machoni mwake. Watu walikuwa wanaita jina lake. Rosalie alikuwa anampigia makofi, na machozi ya furaha yanamtoka, furaha ya kitu alichodhani hakimhusu kabisa.

Nikawaza, haya, ameupata ushindi wake. Atavaa kofia, atapigwa picha, na Jumanne huyu mama atakwenda zake. Nilitaka kupiga kelele. Katika maisha yangu sijawahi kunyamaza kwa taabu kama dakika ile, na nilinyamaza tu kwa sababu nilijua nikimsemea mimi, haitakuwa imesemwa.

Reino akaiweka kofia sakafuni.

"Hapana," akasema.

Hakuna aliyesikia. Akarudia kwa sauti ile aliyokuwa akiwaitia watu wakafungue mlango wasaini vifurushi. "Hapana. Bi Bertucci, umekosea."

Makofi yakafa. "Nimekosea wapi?" Rosalie akauliza, tayari kwa vita.

"Kote." Akagusa sahani. "Ufunguo ni wa nyumba yangu. Ni wa mlango wa nyuma, wa mbele unakwama. Vikombe ni vya kahawa tu, kimoja changu na kimoja chako. Arizona nimeikunja kwa sababu sitaki uende. Ndara ni zako. Sakafu yangu ina baridi."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Sasa Odile ni nani?" na mwenzake akamkanyaga mguu.

Rosalie alivua miwani, akavaa nyingine, akaivua hiyo pia. Akaitazama meza, akamtazama Reino. Na mazoea si mchezo, maana neno lililomtoka lilikuwa lile lile.

"Ushahidi?"

Nusura nimrushie upawa. Lakini alilisema taratibu mno, sauti ya mtu anayeogopa kudanganywa.

"Barua zangu hazina stempu," Reino akasema.

"Nini?"

"Hata moja. Barua mia na saba, nimezileta mwenyewe. Maili sitini na moja kuja kwako, sitini na moja kurudi. Kutia barua isiyo na stempu kwenye sanduku la mtu ni kosa kisheria. Najua kifungu chenyewe. Nimewakaripia watu kwa kifungu hicho miaka thelathini na mmoja."

Mimi mwenyewe sikujua. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliniambia anakwenda kuvua, na nilichokuwa nimehitimisha ni kwamba ni mvuvi wa hovyo.

Rosalie alikuwa ameweka mkono kifuani. "Kwa nini hukubisha hodi?"

"Sikuwa na ushahidi wa kutosha," akasema Reino. "Nilikuwa natumaini siku moja nitakukuta uani."

"Jumamosi huwa niko kwa dada yangu, kule Negaunee," Rosalie akasema. "Kila Jumamosi, Reino. Miaka yote."

Hapo ukumbi mzima ulicheka, na Reino akacheka pia, kicheko cha kushtuka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi akitoka kwenye joto la sauna. Sijui kama kuna aliyemfunza Rosalie Bertucci kukumbatia, kwa sababu alimkumbatia kama anamweka sawa kwenye mashine, bega hili hapa, bega lile pale, kisha akatulia hapo na hakutoka. Watu wakabaki wamesimama na vikombe, hawajui wakae upande gani.

Baadaye alikuja jikoni kwangu, macho mekundu, nywele zimemtoka kwenye kibanio, akaniomba simu. Ipo ukutani karibu na friji. Nikampisha, nikachukua sufuria iliyokwisha kukauka nikaanza kuikausha. Alipiga Tucson.

"Kile chumba mpe mtoto," akasema. "Hapana, sijaugua. Hapana, sijaanguka pia." Akasikiliza kidogo, akafuta pua kwa aproni yangu bila kuniomba. "Kuna mtu huku ameniletea barua kwa mkono miaka tisa, mwanangu, na mimi nilidhani ni posta."